Braketi za feringi zimekatika tena: nichomelee, ninunue, au tatizo liko kwingine?

Swali: Fundi, salaam. Nina pikipiki kubwa ya safari, na feringi yake, yaani lile kava la mbele la kukinga upepo, imefungwa kwenye usukani, inageuka nao. Mwaka jana ilianza kugongagonga mbele. Tulipofungua tukakuta braketi ya ndani ya kushoto, kile kipande cha chuma kinachoishikilia, imekatika, nikanunua mpya ikafungwa. Sasa kelele imerudi. Ile mpya imekatika palepale pa mwanzo, na ya kulia ina ufa. Fundi wangu anasema tuzichomelee na kuziongezea kipande cha bapa, itakuwa nafuu. Wengine wananishauri ninunue zile nene za chuma cha pua. Nifuate lipi? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe? Nina safari ndefu karibuni.

Jibu: Ndugu yangu, jambo zito kuliko yote kwenye swali lako umelitaja kwa kupita tu: ile mpya imekatika palepale. Braketi ya kiwandani ikikatika baada ya miaka mingi, unaweza kusema imekula chumvi ya kutosha. Mpya ikikatika ndani ya mwaka, mahali palepale, braketi haina kosa. Kuna kitu kinaivuta au kuitikisa kuliko ilivyotengenezwa kuvumilia, na kitu hicho kitaikata hata ya tatu, uchomelee au ununue. Kwa hiyo kabla ya habari za kununua, tumtafute mchawi.

Usiitupe ile iliyokatika. Wengi huitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kumbe ndiyo shahidi wa kwanza. Ioshe kwa brashi laini na petroli kidogo, nje na mbali na moto, usiiguse kwa msasa wala tupa. Kisha itazame pale ilipokatikia, tochi ikimulika kutoka ubavuni. Mara nyingi utaona sehemu mbili zisizofanana. Moja ni laini, imefifia na kuwa na weusi kidogo kwa sababu vumbi na unyevu vimekuwa vikiingia humo muda mrefu, na ukisogeza jicho utaona mistari myembamba iliyopinda, kama ile maji ya bahari yanayoiacha mchangani yakikupwa. Sehemu ya pili inang'aa na ina chembechembe za kukwaruza. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea polepole kila pikipiki ilipotikisika. Inayong'aa ni pale palipokatika kwa mpigo mmoja, chuma kilichobaki kiliposhindwa kubeba. Huo ndio uchovu wa chuma. Mistari ile huizunguka nukta moja. Ifuate kurudi nyuma mpaka ilipoanzia.

Nukta hiyo ikiwa kwenye ukingo wa tundu la bolti, bolti ilikuwa imelegea. Hakikisha kwa kuangalia uso unaozunguka tundu: ukikuta umesuguka hadi kung'aa, au kuna unga mweusi kama braketi ni ya alumini, au unga wa rangi ya kutu kama ni ya chuma, basi vipande viwili vilikuwa vikisuguana humo. Nukta ikiwa kwenye mkunjo wa braketi, ilikuwa inapindwa, ama kwa uzito uliozidi, ama kwa sababu ilifungwa ikiwa tayari imevutwa. Na kama hakuna sehemu laini hata kidogo, uso wote unang'aa na braketi yenyewe imepinda karibu na mkato, hapo hakuna uchovu. Ilivunjwa siku moja: pikipiki ilianguka ikiwa imesimama, au mtu aliisukuma gereji akiwa ameshika feringi badala ya usukani.

Kwako nakisia utakuta uchovu, tena pande zote mbili. Na nina shaka na ile ya kulia. Mwaka jana ya kushoto ilipokatika, ya kulia ilibaki peke yake na mzigo wa wawili kwa muda wote mliosikia kelele kabla ya kufungua. Huenda ufa wake ulianza hapo, mdogo, umefichwa na rangi au na spika, nayo ikarudishwa ilivyo. Braketi yenye ufa haikazi tena. Inalegea kidogo, na mwenzake mpya ndiye anayebeba. Ndiyo maana sehemu hizi hubadilishwa kwa jozi hata kama moja inaonekana nzima.

Sasa mzigo wenyewe unatoka wapi? Pikipiki za safari zina namna mbili za kubeba feringi. Kuna zilizoifunga kwenye fremu, kama BMW R100RS ya mwaka 1976 au Honda Gold Wing Interstate ya 1980. Hizo feringi haigeuki na usukani, inaning'inia kwenye stendi iliyokamatwa kwenye shingo ya fremu. Na kuna zinazoifunga kwenye foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele na kugeuka na usukani, kama lile kava lenye umbo la mabawa ya popo ambalo Harley-Davidson Electra Glide ilianza kulivaa 1969. Yako ni ya kundi hili la pili. Ukiwa nalo, una ganda la nje lenye rangi, ganda la ndani lenye saa na spika, na katikati yake braketi mbili zinazoyaunganisha maganda hayo na foki. Kila unapogeuza usukani, kila tairi la mbele linapopiga shimo, na kila pikipiki ikinguruma ikiwa imesimama, uzito wote huo unataka kubaki ulipokuwa. Braketi ndizo zinazoukataza.

Juu ya hapo kuna upepo. Nguvu yake inapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, mwendo umeongezeka nusu tu, lakini upepo unasukuma mara 2.25 ya ulivyokuwa. Kioo cha upepo ndicho kinachopokea sehemu kubwa ya msukumo huo, na kikiwa kirefu kinakuwa wenzo: kinasukumwa juu, braketi inapindwa chini. Kama katika miaka hii umebadilisha kioo ukaweka kirefu zaidi, au umeongeza spika nzito, taa za ziada, kishikio cha simu, au vifuko vya mbele umevijaza spana na betri za akiba, hesabu hayo yote. Sisemi uyaondoe. Nasema ujue yanabebwa na vipande viwili vyembamba.

Mchawi ninayemshuku zaidi, hata hivyo, ni ufungaji wenyewe. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji chombo chochote, na unakipata mara moja tu, wakati wa kufungua, kwa hiyo usikipoteze kwa haraka. Ukifika kwenye ile braketi ya kulia ambayo bado imeshika, fungua bolti zake moja moja, polepole, macho yakiwa kwenye tundu. Bolti ya mwisho inapotoka, tazama tundu la braketi na tundu la kilicho nyuma yake. Yakibaki yametazamana, vizuri. Braketi ikiruka pembeni, hata kwa milimita 2 au 3, umemkamata. Ina maana ilikuwa imevutwa kwa nguvu ya bolti tangu siku ilipofungwa, ikiishi imepindwa hata pikipiki ikiwa imelala gereji, na kila mtikisiko ulikuwa unaongezewa juu ya msongo huo. Braketi nyingi za namna hii zinakufa hivyo. Fundi anakaza upande wa kushoto wote mpaka mwisho, anahamia kulia, anakuta matundu hayakutani, anachukua bisibisi ndefu anakung'uta mpaka bolti inashika nyuzi, anakaza. Kazi inaonekana safi kabisa kwa nje.

Mchawi mwingine ni mdogo kiasi kwamba watu humfagia sakafuni. Kwenye sehemu nyingi za feringi, bolti haibani plastiki moja kwa moja. Kuna raba yenye umbo la pete inayokaa kwenye tundu, na ndani ya raba kuna bushi fupi ya chuma. Bolti inakaza kwenye bushi, na plastiki inaelea kwenye raba. Bushi ikipotea, bolti inaiponda raba mpaka inakuwa bapa, na mtikisiko unapita wote. Raba ikikauka ikawa ngumu, matokeo ni yaleyale. Ibonyeze kwa kucha: kama hairudi, au ina nyufa ndogo pembezoni, nunua mpya. Ni sehemu za bei ndogo kuliko zote katika kazi hii, na mimi singefunga braketi mpya juu ya raba za zamani hata kwa kubembelezwa.

Mwisho, chanzo cha mtikisiko kinaweza kuwa nje kabisa ya feringi. Inua gurudumu la mbele, shika foki chini kwa mikono miwili, vuta na sukuma: ukisikia inachezacheza, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Tairi la mbele lisilo na mizani, au lililolika kwa mabonde, linapeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye usukani, na kwako feringi iko hukohuko. Kama injini yako imekaa kwenye raba, zitazame nazo.

Nije kwenye kuchomelea. Simlaumu fundi wako. Kwa bapa la kawaida la chuma, kuchomelea ni dawa ya zamani na mara nyingi inatosha. Jaribu kwanza na sumaku. Isiposhika, uwezekano mkubwa ni alumini, na hapo ningekataa. Alumini zinazotumika kwenye vipande vya namna hii mara nyingi zimepata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Joto la kuchomelea linaufuta utaratibu huo, na eneo linalopakana na mshono linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Tena alumini haina ile tabia ya chuma cha kawaida, kwamba mzigo ukiwa mdogo vya kutosha kinaweza kuubeba milele bila kuchoka. Alumini inachoka tu, ni suala la muda. Ukiongeza kipande cha bapa juu yake, umehamisha ufa kutoka ulipokuwa na kuupeleka pale bapa linapoishia.

Ikishika sumaku na sehemu mpya hazipatikani kabisa kwa pikipiki yako, chomelea, ila kwa masharti. Vipande vifungwe kwenye bapa nene la chuma kwa bolti, kwenye matundu yake yote, ili joto lisivipinde. Braketi iliyojikunja milimita chache itakurudisha kwenye tatizo la kuvutwa. Mshono ulainishwe kwa tupa pale unapokutana na chuma kizima, maana kile kidaraja kikali ndicho ufa unachokipenda. Na kazi ifanyike mezani. Usikubali mtu achomelee kitu kikiwa bado kwenye pikipiki yenye kompyuta na sensa, eti kwa sababu kufungua kunachosha.

Zile nene za chuma cha pua nazo si muujiza. Kwa ukubwa uleule, chuma cha pua kina uzito karibu mara tatu ya alumini. Faida yake ni kwamba hazipindiki kirahisi, na hiyohiyo ndiyo hasara yake: mtikisiko uliokuwa ukimalizwa na braketi laini sasa unakwenda kutafuta dhaifu anayefuata, naye ni masikio ya plastiki ya ganda la ndani, vile vijitokezo vyenye matundu ya bolti. Braketi ikikatika unanunua braketi. Sikio la ganda likikatika, unajikuta unaulizia ganda zima. Kama umebeba spika nzito na kioo kirefu na huna nia ya kuviacha, nunua nene, lakini raba zote ziwe mpya na matundu yakutane bila kulazimishwa. Kama pikipiki yako iko ilivyotoka kiwandani, ushauri wangu ni jozi ya kawaida ya mtengenezaji. Ikifungwa bila kuvutwa, inatosha.

Kuhusu kuifanya mwenyewe: ndiyo, unaweza, kama una siku nzima na huna mtu anayekuharakisha. Ugumu wake uko kwenye waya na rangi zaidi kuliko kwenye chuma. Tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako, soketi na alenki zinazotosha sawasawa, biti za Torx (zenye ncha ya nyota) kama pikipiki yako inazitumia, na spana ya toki ndogo, yaani spana inayopima mkazo, ile ya mikazo midogo. Ile kubwa ya kukazia magurudumu haitakusaidia hapa.

Kabla ya bolti ya kwanza, egesha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake, washa taa kubwa na ubandike tepu ukutani pale mwanga unapokatikia. Karibu kila mtu anasahau hili. Taa yako imekaa kwenye feringi, na feringi ikirudi imeinama kidogo, utakuwa unamulika macho ya watu au ardhi ya mbele ya gurudumu.

Toa waya hasi wa betri. Tandika blanketi juu ya tangi na madigadi ya mbele, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote zenye rangi ambazo zitapitana. Piga picha kila hatua, hasa njia za waya: waya gani unapita mbele ya nguzo ya foki, upi nyuma, wapi pana tai ya plastiki. Ukifikia bolti za kioo cha upepo, zilegeze kwa kupokezana, kidogo kidogo, na mtu awe ameshika ganda la nje, kwa sababu katika mifumo mingi bolti hizohizo ndizo zinazolishikilia ganda. Likitoka, usilivute, bado linaning'inia kwa soketi ya taa. Bonyeza klipu ya soketi, chomoa kwa kushika plastiki yake, si waya.

Bolti iliyoshikwa na kutu isipigwe ubabe. Weka mafuta ya kulegezea kutu, subiri, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikianza kuzunguka pamoja na nati ya upande wa pili iliyomo ndani ya plastiki, acha mara moja, maana nati imeng'oka kwenye kitanda chake. Ishike kwa koleo nyembamba kutoka nyuma kabla haijatoboa zaidi.

Braketi za zamani zikitoka, zilaze juu ya mpya, moja juu ya nyingine, ile iliyokatika ukiiunganisha kwa mkono. Matundu yote yanapaswa kutazamana. Braketi isiyo ya mtengenezaji wakati mwingine inapishana kidogo. Hapo rekebisha braketi, panua tundu lake kwa tupa ya duara liwe la yai, ulainishe kingo. Usipanue tundu la plastiki. Na usitegemee bolti kuvuta tofauti hiyo.

Sasa sehemu ambayo kazi yote imeifuata. Rudisha braketi zote mbili, kushoto na kulia, na bolti zote kwa vidole tu, mizunguko michache. Weka ganda la ndani, spika, chochote kinachofungwa kwenye braketi hizo, vyote kwa vidole. Weka hata ganda la nje kwa majaribio. Kila kitu kiwe kinacheza. Kisha shika feringi, itikise kidogo, iache itafute mahali pake, na uangalie nafasi kati yake na tangi, na kati yake na usukani, pande zote mbili. Ikikaa sawa, ndipo uanze kukaza, kutoka kwenye foki kwenda nje: kwanza bolti zinazoshika braketi kwenye foki, halafu za ganda la ndani, mwisho kabisa za ganda la nje na kioo. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukifika mahali bolti haitaki kuingia kwa vidole, usichukue spana. Rudi nyuma hatua moja, legeza iliyotangulia, itaingia.

Mkazo ufuate kitabu chako. Kukupa picha tu: bolti ya M6 (yenye nyuzi za unene wa milimita 6) inayoingia kwenye chuma kwa kawaida inataka kama Nm (niutoni-mita, kipimo cha mkazo) 8 hadi 10, ya M8 kama 20 hadi 25, na zile zinazobana kioo au plastiki ni ndogo mno, mara nyingi chini ya Nm 4. Wengi tunakaza M6 kwa mkono wa M8. Bolti za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini zipake grisi ya kuzuia kugandana, la sivyo kutu ya metali mbili itazikamata na safari ijayo utazitoa kwa drili. Nyuzi zikiwa na grisi, punguza mkazo kidogo, kwa sababu nguvu ileile sasa inavuta zaidi.

Gundi ya kuzuia bolti kulegea ina mtego wake, na nimekuta maganda mengi yameharibiwa nayo. Tumia ya nguvu ya kati, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida, na uipake tu kwenye bolti zinazoingia chuma kwa chuma. Ikiwa mbichi, inashambulia plastiki za ABS na polikaboneti. Tone moja likishuka kwenye sikio la feringi lililobanwa na bolti, nyufa ndogo kama nywele zinaweza kutokea hata kama sehemu haijawahi kupigwa. Paka kidogo sana, futa inayozidi, na pale bolti inapobana plastiki usiiweke kabisa. Huko kazi ya kuzuia kulegea ni ya raba na nati maalumu.

Kama utakuta sikio la plastiki tayari lina ufa, tazama upande wa ndani wa ganda, kuna alama ya aina ya plastiki. Ikiandikwa ABS, ufa unaweza kuzibwa kwa kipande cha ABS kilichoyeyushwa na asetoni, ukiweka tabaka kwa tabaka kutoka ndani. Ikiandikwa PP, asetoni haitafanya kitu. Inataka kuunganishwa kwa joto.

Kabla hujafunga ganda la nje kwa mwisho, geuza usukani kutoka kona hadi kona. Hakuna waya wala hozi ya breki inayopaswa kukaza, kubanwa au kusuguana na ncha ya braketi mpya. Braketi nene zina kona zisizokuwepo kwenye zile za zamani. Rudisha betri, jaribu taa, indiketa na honi. Washa injini ikiwa kwenye nyutro, geuza tena usukani pande zote: mngurumo ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta imevutwa na pikipiki hiyo haiendi barabarani mpaka irekebishwe. Kisha irudishe mbele ya ule ukuta wenye tepu.

Kwa wasomaji wenye feringi ya kufungwa kwenye fremu, mambo karibu yote ni hayohayo, ila anzeni kwenye stendi ya mbele, pale inapokamata shingo. Hiyo ikipinda kidogo tu, hakuna tundu litakalokutana huko mbele, na mtahangaika na braketi ndogo bure. Ikiwa ufa uko kwenye sikio la fremu yenyewe, kazi hiyo si ya gereji ya nyumbani.

Na safari yako: usiende na hizo zilizopo, hata zikifungwa kwa waya. Feringi yako inageuka na usukani, na ikiachia upande mmoja ukiwa kwenye mwendo inaweza kuuvuta au kuuzuia kugeuka. Kama lazima uifikishe kwa fundi, toa kioo cha upepo na vifuko, funga ganda kwa mikanda isiyozuia usukani, na uende taratibu. Ukishafunga mpya, piga mstari mwembamba wa rangi unaovuka kila kichwa cha bolti na braketi. Tembea kilomita 200 hadi 300 za karibu na nyumbani, iache ipoe, toa ganda la nje tena na utazame mistari. Iliyokatika katikati inakuonyesha bolti iliyosogea. Itoe, isafishe, uifunge upya, halafu ndipo ufunge mizigo.